Acteur Tulishamlilia

Nianze na neno lenyewe, maana bila neno hilo hamtanielewa. Kwetu Bukavu, acteur si kila mtu anayeigiza kwenye filamu. Acteur ni mmoja tu. Ni yule mwenye filamu yake, anayepigwa risasi kutoka kila upande na kutoka na mkwaruzo mdogo shavuni, anayebaki na mwanamke mwishoni. Adui mkubwa tunamwita chef-bandit, naye hufa wa mwisho kwa heshima ya cheo chake. Wengine wote ni watu wa kufa njiani. Ukimwambia mtu wa Kadutu, mtaa wetu, kwamba chef-bandit naye ni acteur, ana mke na watoto kwake na analipwa mshahara, atakuangalia vizuri kuona kama umekunywa.

Na acteur hakufake. Ndivyo tunavyosema, acteur hafi, na tunalisema hata nje ya sinema. Motard akianguka na pikipiki yake kwenye mteremko wenye matope, akainuka akijipangusa suruali, watu watampigia makofi: acteur hakufake. Mwanafunzi aliyerudia mwaka na kurudia tena, siku akipata diplome, nyumba nzima inapiga kelele hiyo hiyo. Nimelisema mimi mwenyewe maisha yangu yote. Leo nalikataa, na nitawaeleza kwa nini nalikataa.

Papa alikuwa mtafsiri wa filamu. Sali, yaani ukumbi wa sinema, ilikuwa ya mbao na mabati, juu kidogo ya soko la Kadutu, na mwenye sali alikuwa mdogo wake, ambaye mimi namwita tonton. Tonton alileta televisheni kubwa, baadaye projecteur, na mabenchi, na bafle mbili za kutolea sauti ambazo zilisikika hadi chini sokoni. Papa alileta mdomo. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, kile cha watu wanaokimbia wanaposema, na wengi wetu tunakipata nusu nusu. Basi papa alikaa kwenye kiti chake pembeni ya skrini, mikro mkononi, akapunguza sauti ya filamu na kuweka yake. Acteur alisema kwa sauti ya papa. Chef-bandit pia, ila ile ya kooni. Askari, padri, mlevi, hata mbwa, wote walikuwa papa. Wanawake walikuwa wangu. Tangu nikiwa sekondari nilikaa kwenye benchi fupi karibu na goti lake, na mwanamke yeyote akifungua kinywa kwenye skrini, papa alinipa mikro bila hata kuniangalia.

Sasa kulikuwa na filamu moja iliyokataa kuisha. Jina lake la kizungu hakuna aliyelijali. Sisi tuliiita Daraja, kwa sababu inaanza na acteur akiruka kutoka darajani huku daraja linalipuka nyuma yake. Ikaja ya pili, akaruka tena kutoka darajani. Basi tukaacha hata hilo jina, tukabaki na namba, Un, Deux, Trois, kama watoto wa mtu ambaye amechoka kutafuta majina.

Un ilikuwa nzuri, na nitapigana na yeyote anayesema hapana. Acteur alikuwa dereva wa lori. Mtu wa kawaida, mwoga kidogo, ana mke anayemsumbua kuhusu paa linalovuja. Alibeba dawa za hospitali na majambazi wakataka lori. Aliruka darajani kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, na alipokuwa anaanguka tuliona usoni kwamba anaogopa kufa. Sisi tunawajua madereva wa lori. Tunawaona wakiingia kutoka Kavumu macho mekundu, wakiuliza chai kabla ya kuuliza kitu kingine. Sali nzima ilimpenda yule mtu.

Kufika Trois, dereva alikuwa anajua karate. Kufika Quatre, ya nne, alikuwa anaendesha ndege, anasema lugha za watu wote, na wakubwa wa serikali wanampigia simu kumlilia awaokoe. Chef-bandit wa Quatre alikuwa ndugu wa chef-bandit wa Deux. Daraja lilikuwa refu zaidi, mlipuko mkubwa zaidi, na uso wa acteur haukuogopa kitu tena. Papa alifunika mikro kwa kiganja, akaninong'oneza swali ambalo sijalisahau: "Na lori yake iko wapi?"

Ilikuwa kweli. Lori lilikuwa limepotea na hakuna aliyeuliza. Papa aliudhika kuhusu lile lori kwa wiki nzima, anakula na kuudhika, anavaa viatu na kuudhika. Maman alimwambia aache kuwagombeza watu ambao hawajui hata kama yuko duniani. Papa akasema wale watu wamechoka, inaonekana, lakini wanaogopa kulala.

Yeye hakuogopa kufanya kazi waliyoiacha. Hapo ndipo nilipojifunza kila kitu ninachojua. Kila walipoweka milipuko dakika kumi bila neno la maana, papa alisema chini chini, hapa hawakuandika kitu, kisha akaandika yeye, palepale, kwa mdomo. Acteur akiwa juu ya bawa la ndege, papa alimfanya ampigie simu mama yake huko Nyantende kumuuliza kama maharagi yameota. Chef-bandit alipokuwa anahutubia majeshi yake, papa alimpa ugomvi wa shamba na shemeji zake wa Walungu, juu ya mpaka pale mtaro unapopita, na watu walimhurumia yule mwuaji kwa sababu kwa shamba alikuwa na haki. Tulicheka hadi machozi. Nasema bila haya yoyote: kuanzia Quatre, filamu nzuri ilikuwa upande wetu wa skrini.

Ndipo ikaja Cinq, ya tano, na katika Cinq acteur akafa.

Alikufa kabisa. Alibaki darajani ili wengine wavuke, daraja likaanguka naye ndani, na wakamwonyesha amelala chini, mvua inamnyeshea. Kwenye Kifaransa alikuwa anasema maneno marefu juu ya uhuru wa dunia. Papa aliyaacha yapite yote. Alisubiri, akasogeza mikro mdomoni, akasema polepole, "Muambieni mama, lori niliacha na mafuta." Basi. Wanaume wazima walitoka nje wakijifanya wanaenda kukojoa. Maman, ambaye alikuwa anatusikiliza kutoka nyumbani kupitia ukuta wa mbao, aliniambia baadaye kwamba na yeye alilia, na alikuwa na hasira kwa sababu alikuwa anachagua mchele.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya sali, ukuta mmoja. Kumbukeni hilo.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kufanya kilio. Nusu mchezo, nusu kweli, ndivyo tulivyo. Wamama wa sokoni walileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye bidon, mtu akachana picha ya acteur kutoka kwenye afishi akaiweka juu ya meza na mshumaa. Papa alisimama akamsifu marehemu, hasa kwa udereva. Na baada ya muda tukaondoa kilio, kama inavyofanywa kwa mtu yeyote: tulikunywa, tulikula, tukatoa ile picha. Kwetu, kilio kikiisha kuondolewa, kimeondolewa. Mjane anavua kitambaa cheusi, nguo za marehemu zinagawanywa, na marehemu anaachwa apumzike. Hakuna anayekwenda kumwamsha. Papa alifurahi sana siku ile. Alisema sasa wale watu wa filamu wamelala.

Mwaka uliofuata papa akafa, yeye wa kweli. Figo. Sitaandika juu ya hospitali. Tulimzika kwao Walungu, mvua ikiwa inanyesha, na maman akavaa nyeusi.

Kuna kitu kimoja lazima mkijue juu ya maman. Papa alitoa jasho sana akitafsiri, na kila alipomaliza alipitia mlango wa nyuma, akasimama kwenye kizingiti akasema, "Ni miye. Nilisha fika." Ni hatua chache kutoka kwenye kiti chake, lakini alisema hivyo kama mtu aliyetoka Kinshasa. Na maman alikuwa tayari na beseni ya maji ili anawe uso. Hawakusema zaidi. Baada ya mazishi, maman aliendelea kuchota yale maji. Sali ikinyamaza jioni, anainuka, anachota, anasimama na beseni, kisha anamwaga kwenye mchicha. Hatukumwambia kitu. Tulipoondoa kilio, koti la papa likaenda kwa tonton, viatu kwa binamu, na polepole, polepole kabisa, maman akaacha kuinuka. Jioni moja sali ilinyamaza naye akabaki ameketi na sindano yake na kitambaa chake. Niliona, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikaendelea kusahihisha mitihani ya wanafunzi wangu.

Na hapo ndipo Six ilipofika mjini.

Eti acteur hakufa. Eti chini ya daraja kulikuwa na barafu, barafu ikamhifadhi, madaktari wakamtoa mzima, ila amesahau kila kitu. Hata mke wake hamkumbuki. Nilipoiona kwenye simu ya mwalimu mwenzangu hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Sisi tulimlilia yule mtu! Mshumaa wetu, kasiksi yetu, hotuba ya papa yangu, yote wameyafanya ujinga. Mwenzangu alinicheka, akasema ni biashara, watu wanataka, wewe ni nani. Mimi ni mtu. Kila siku nasikia kwamba watu wanataka ya sita, watu wanataka ya saba, na mimi ni mmoja wa watu hao na hakuna aliyewahi kuja kuniuliza. Ningemwambia ninachotaka. Nataka dereva wa lori anayeogopa kufa. Mtu ambaye hawezi kufa hana sababu ya kuogopa, na asipoogopa mimi nakaa nikiangalia milipuko tu, na milipuko sisi hatuna haja ya kuilipia.

Tonton yeye alifurahi. Sali ilikuwa inakufa, siwezi kusema uongo. Vijana wanaangalia filamu kwenye simu zao, na waliokuja walisema bila sauti ya Muzee, yaani papa, haina ladha. Tonton mwenyewe hakuwahi kushika mikro hata siku moja. Ana sauti ndogo inayotokea puani, na tangu utoto kaka yake ndiye aliyesema kwa wote wawili. Basi alikuja kwangu na uso unang'aa, kama mtu aliyeleta zawadi. Alikuwa na rekodi zote za papa, kwa sababu zamani tuliziuza sokoni. Alikuwa amezipeleka kwa mtu mmoja wa kompyuta kule Nyawera, na yule mtu aliiweza: unamwandikia maneno, mashine inayasema kwa sauti ya papa. Maneno yoyote. Six nzima ilikuwa tayari. Aliniomba nifanye sauti ya mke tu, kama zamani.

Nilikataa. Nilimwambia papa yuko Walungu chini ya udongo na huko ndiko atakakokaa. Tonton hakunigombeza. Alinishika bega akasema, "Acteur hakufake, mutoto wangu."

Jumamosi mchana walijaribu mitambo. Nilikuwa uani na maman, tunachagua maharagi. Walijaribu mwisho wa filamu, pale acteur anaporudi kwenye mlango wa mke wake. Kupitia mbao, karibu kabisa, sauti ya papa ikasema, "Ni miye. Nilisha fika."

Maman akainuka. Hakushtuka, hakulia. Aliinuka kama mtu anayeitwa, ungo ukamwagika, akaenda kwenye pipa, akachota maji, akaja kusimama mbele ya mlango wa nyuma na beseni mkononi. Nilimwangalia. Alisimama pale. Ndani walirudisha nyuma, wakapiga tena, na papa akafika tena. Na tena. Beseni ilianza kuyumba mikononi mwa maman, maji yakawa yanamwagikia miguuni, na nikaona kwenye uso wake kila kitu tulichokiondoa kinarudi mahali pake.

Nilichukua beseni kutoka mikononi mwake. Nilimwomba Jumapili aende Nyantende kwa dada yake, asiwe hapa saa ya filamu. Alikataa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siwezi kukimbia bwana yangu." Kisha akapiga magoti akaanza kuokota maharagi moja moja. Hapo niliapa kwamba ile sentensi haitatoka tena kwenye zile bafle.

Jumapili baada ya misa sali ilijaa kama zamani. Tonton alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: Sauti ya Muzee Inarudi. Niliingia nikiwa bado na nguo za kanisani. Kitu cha kwanza nilichoona ni kompyuta ya yule mtu wa Nyawera, imewekwa juu ya kiti cha papa. Imekaa pale, taa yake ya kijani inawaka. Kama nilikuwa na woga kidogo, hapo uliisha.

Niliacha ianze. Nilitaka kwanza niisikie. Ilikuwa sauti yake kweli, hilo ndilo baya, na watu walipiga makofi na miluzi. Lakini papa alikohoa kwa sababu ya vumbi la ile sali, na alicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla ya kuvimaliza, na hii haikukohoa wala haikucheka. Ilitafsiri neno kwa neno. Walipofika kwenye mlipuko mrefu ilinyamaza tu, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Nilisikia makofi yanapungua. Watu walianza kuongea mambo yao.

Nikaenda mbele. Nilitoa kompyuta juu ya kiti, nikaiweka chini taratibu, nikavuta uzi wa bafle nikauchomeka kwenye mikro. Mtu wa Nyawera aliruka lakini tonton alimshika mkono, labda kwa aibu, sijui. Nilikaa kwenye kiti cha papa. Sikuwahi kukikalia.

Nikasema: "Ndugu zangu, huyu munamuona si acteur. Acteur alikufa, tulimulilia hapa, mulikunywa kasiksi yake. Huyu ni petit frère, mudogo wake."

Kisha mama mmoja wa sokoni, wa benchi la mbele, akauliza kwa sauti kubwa kama huyo petit frère anajua kuendesha lori.

Nikamjibu tutaona. Na hapo filamu ikanipa mkono, naapa. Kila kitu kilikubali! Yule mtu hakukumbuka jina la mke wake: ni kwa sababu hakuwahi kuwa mume wake. Marafiki wa zamani walimwuliza maswali akababaika: ni mwongo, anajifunza maisha ya marehemu. Alivaa koti lile lile la ngozi: la kaka yake, alipewa siku ya kugawa nguo. Sali ilianza kuamka. Wakaanza kumwuliza wenyewe kutoka kwenye mabenchi. Alipoingia kwenye gari la kifahari wakapiga kelele, si lori, si lori. Alipofika juu ya daraja, kwa mara ya sita, nikampa sauti ya puani, ndogo, nikamfanya aseme kwamba kaka alirukia hapa, basi na mimi nitaruka, sijui kitu kingine cha kufanya. Watu walikufa kwa kicheko. Sikupanga ile sauti ya puani. Ilitoka yenyewe, na nilipogeuka nikaona vichwa vingi vimegeuka pia, vinamwangalia tonton aliyesimama mlangoni na koti la papa.

Hakuondoka. Niliogopa ataondoka, au atazima umeme, na ilikuwa haki yake, sali ni yake. Alibaki pale.

Kisha ukafika mlango. Acteur wao, petit frère wetu, amesimama mvuani, na mke wake anafungua. Nilijua nyuma ya mbao, hatua chache kutoka mgongoni mwangu, maman ameketi anasikiliza. Yule mtu kwenye skrini alifungua kinywa kusema ile sentensi. Sikuitafsiri. Niliacha midomo yake icheze bure, bila sauti, na sali nzima ikaiangalia ikicheza. Kisha ikawa zamu ya mke, na mke amekuwa wangu tangu mwanzo.

"Shemeji," nilisema, "ingia, ikala kwa kiti, nitakupa maji. Lakini bwana yangu alikufa. Kilio tulisha kiondoa."

Hakuna aliyepiga makofi. Wamama wa mbele walitikisa vichwa, mmoja akasema ndiyo, hivyo. Walipoweka ile sehemu fupi mwishoni, baada ya majina, ile ya kutuonyesha kwamba Sept, ya saba, inakuja, na daraja lingine tayari, watu walikuwa wameisha kuinuka na kutoka, wamewapa mgongo. Nataka wenye ile filamu wajue hilo. Wana mahela, wana mashine, wana barafu ya kuhifadhi wafu, na Kadutu tuliwapa mgongo. Sept imetoka tangu wakati huo. Hatukuionyesha na hatutaionyesha.

Nilirudi nyumbani kupitia mlango wa nyuma. Maman alikuwa ameketi na sindano yake. Aliniuliza kama nimekula.

Baada ya watu kuisha tonton alikuja naye, kupitia mlango ule ule. Alisimama kwenye kizingiti, koti la papa limelowa jasho, na hakujua aseme nini, kwa sababu maneno ya kusema pale ni yale mawili tu na yote hayakuwa yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga. Lakini uso wake ulikuwa umeanguka kabisa. Alimwambia maman kwamba hakutaka ubaya. Alikaa na yule mtu wa Nyawera siku nyingi, akimwandikia kaka yake maneno, na wakati mwingine aliandika maneno ambayo hayamo kwenye filamu, ili tu asikie akiitwa jina lake. Sikuwa nimefikiria hilo. Sikuwahi kufikiria kwamba na yeye kilio chake hakuna aliyekiondoa.

Aliuliza ile sauti afanye nayo nini.

"Ya kwake niko nayo," maman alisema. "Hiyo uifute."

Akainuka. Alikwenda kwenye pipa, akachota maji, akaja na beseni akaishika mbele ya tonton, mikono yake imetulia. Tonton aliinama akanawa uso, akanawa muda mrefu, maji yakimwingia kwenye kola ya lile koti. Maman alimsubiri amalize.

"Haya, shemeji," akamwambia. "Sasa useme na sauti ya kwako."